Maswali ya Wasomaji: Asubuhi Mawimbini na Marafiki

Safu ya toleo hili ni ya wanaoteleza mawimbini. Barua nyingi zimeuliza ununuliwe ubao gani. Tumetanguliza zile zinazouliza habari za bahari yenyewe, maana ubao mzuri kwenye maji mabaya haumfai mtu.

SWALI: Sisi ni marafiki wanne, na kila mwisho wa wiki tunavutana kuhusu saa ya kuingia majini. Wawili wanataka alfajiri, wawili wanasema saa nne, jua likishapanda, ndipo panapofaa. Tumfuate nani?

JIBU: Wafuateni wa alfajiri, kwa sababu ya upepo. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, na hewa iliyopoa huelekea majini. Upepo huo hulikabili wimbi kwa mbele: hulizuia lisianguke mapema, likasimama wima kwa muda mrefu kidogo, na huulainisha uso wake. Jua likipanda mambo hugeuka. Nchi kavu hupata joto, hewa yake hupaa, na ya baharini huingia kuziba nafasi. Kwa kawaida mabadiliko hayo huanza kuonekana kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Upepo wa baharini hulisukuma wimbi mgongoni likaporomoka kabla ya wakati, na huzalisha viwimbi vidogo vinavyourusharusha ubao pale mtu anapojaribu kusimama.

Kupima ni rahisi. Tazama ncha ya wimbi linapokaribia kuvunjika. Matone yakirushwa nyuma, kuelekea bahari kuu, upepo unatoka nchi kavu. Yakitangulia mbele, mmechelewa. Pepo za msimu zikivuma kwa nguvu usiku kucha utaratibu huu wote hufunikwa, na hapo alfajiri haina faida nyingine zaidi ya kukosa msongamano.

Msiingie gizani lakini. Subirini mwanga wa kuweza kumwona mtu aliye mita 100 mbele yenu na kuona mwamba chini ya maji ya kiunoni. Nusu saa mtakayopoteza ufukweni ndiyo nusu saa ya kuisoma bahari, kazi ambayo wengi hawaifanyi kabisa.

SWALI: Utabiri ulisema mita 1, tukakuta mawimbi ya magotini. Wiki iliyofuata ukasema mita 1 tena, tukakuta maji yanatisha na ubao wangu ukapigwa hadi kwenye mchanga. Utabiri unadanganya?

JIBU: Haudanganyi, ila mmesoma namba moja kati ya tatu. Namba ya pili ni muda unaopita kati ya wimbi na wimbi, kwa sekunde. Mawimbi ya sekunde 6 yamezaliwa na upepo wa karibu. Ni mafupi na dhaifu. Ya sekunde 14 yamesafiri kutoka mbali na yana uzito mwingine kabisa. Wimbi huanza kuigusa sakafu ya bahari kina kikiwa nusu ya urefu wake, yaani umbali wa kutoka kilele hadi kilele. La sekunde 6 huanza kuigusa kwenye kina cha mita 28 hivi, la sekunde 14 kwenye mita 150. Kadiri linavyoigusa mapema ndivyo linavyopinda kufuata umbo la sakafu, likajikusanya na kuinuka zaidi linapofika ufukweni. Kwa hiyo mita 1 ya sekunde 6 na mita 1 ya sekunde 14 ni bahari mbili tofauti. Mwanafunzi akiona zaidi ya sekunde 12, na mita zikiwa 1 au zaidi, abaki kwenye povu, yaani maji meupe ya wimbi lililokwisha kuvunjika, siku hiyo.

Namba ya tatu ni mwelekeo. Ufukwe unaotazama kusini hauna cha kupokea mawimbi yakitoka kaskazini, hata yawe makubwa namna gani.

Halafu kuna maji kujaa na kupwa, ambayo utabiri wa mawimbi mara nyingi huyaweka ukurasa mwingine. Wimbi huvunjika kina kinapokuwa kama mara 1.3 ya kimo chake: la mita 1 huvunjika kwenye maji ya mita 1.3 hivi. Maji yakijaa sana, kina hicho hupatikana karibu kabisa na nchi kavu, na wimbi huanguka kwa kishindo juu ya mchanga mkavu. Yakipwa sana, hupatikana juu ya mwamba ulio wazi. Mahali pengi pazuri ni maji ya katikati. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika 12 hivi, lakini mwendo wake haulingani: saa ya kwanza maji hushuka sehemu 1 ya 12 ya tofauti yote, ya pili 2, ya tatu na ya nne 3 kila moja, ya tano 2, ya sita 1. Ndiyo maana mnaweza kuingia kina kikiwa kifuani, na baada ya saa moja na nusu mkakuta mawe yamechomoza. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Wakati wa maji mafu huwa ndogo, na wanafunzi huwa na muda mrefu zaidi wa kufanya mazoezi mahali palepale.

Kumbukeni pia kwamba majira ya maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Saa iliyofaa Jumamosi iliyopita haitafaa Jumamosi hii.

SWALI: Kundi letu lina wawili wanaojua na wawili wanaoanza. Tunaingia pamoja, tunakaa pamoja, na kila safari mtu anagongwa na ubao au tunatoka tumenuniana. Mwenzetu mmoja ana alama ya pezi la ubao, lile bapa lililo chini ya mkia wake, pajani. Tupangeje?

JIBU: Mnakosea mnapokaa pamoja. Urafiki wa ufukweni usipewe nafasi ya kupanga watu majini.

Anzeni na vipimo. Ubao wa mwanafunzi una futi 8, karibu mita 2.4. Kamba ya mguu hukatwa urefu uleule. Mtu akianguka, ubao wake unaweza kufagia karibu mita 5 kila upande, na kamba ikivutika huongezeka kidogo. Anayekaa ndani ya duara hilo, hasa upande wa nchi kavu ambako povu husukuma kila kitu, atagongwa leo au kesho. Wekeni mita 10 kati ya mtu na mtu, na asiwepo yeyote aliye moja kwa moja nyuma ya mwenzake, kwa upande wa ufukwe, wakati wimbi linapita.

Kabla ya kulowa, simameni mahali pa juu kidogo kwa dakika 15 hadi 20. Mawimbi huja kwa makundi, madogo kwa dakika kadhaa, kisha matatu au manne makubwa mfululizo. Anayetazama kwa dakika mbili huona bahari tulivu, akaingia, na kundi kubwa likamkuta katikati ya njia. Katika dakika hizo kubalianeni mambo manne: wimbi linaanzia kuvunjika wapi, mtaingilia wapi, mtatokea wapi, na ishara ya kuitana ni ipi. Mkono mmoja ulioinuliwa na kupungwa polepole una maana ileile karibu kila mahali: nahitaji msaada. Basi msiutumie kusalimiana.

Wanaoanza wabaki kwenye povu, maji ya kiunoni, na mmoja wa wanaojua akae nao. Mpokezane kila nusu saa ili asiyebahatika asimalize asubuhi akiwa mlezi. Kumpeleka mwanafunzi nje kwenye mstari wa wazoefu wanaosubiri mawimbi "ili azoee" ni kumtesa, na ni kuwahatarisha walioko huko. Povu lina nguvu ya kutosha kumfundisha kusimama. Aende nje akishaweza kusimama mara nyingi kuliko anavyoanguka, kuugeuza ubao kwa hiari yake, na kuogelea hadi ufukweni bila ubao.

Kuhusu nani achukue wimbi, sheria ni moja: aliye karibu zaidi na kilele, pale wimbi linapoanza kuvunjika, ndiye mwenye wimbi. Wengine wote waache, hata kama walianza kupiga mikono kabla yake. Wimbi likivunjika pande zote mbili, wawili wanaweza kulichukua, mmoja kila upande, na kila mmoja apaze sauti: "Kushoto!" au "Kulia!" Kushoto na kulia hupimwa kwa macho ya anayeteleza akielekea nchi kavu, si ya anayetazama kutoka ufukweni. Ugomvi mwingi tunaoletewa kwenye barua umeanzia kwenye kosa hilo dogo.

Kuna ujanja mmoja ambao si kosa la sheria kwa herufi zake lakini unachukiza kuliko yote: mtu kumzunguka aliyekuwa akisubiri na kujiweka karibu zaidi na kilele kila wimbi linapokuja. Anayetoka kuteleza arudi mwisho wa foleni. Na mwenye ubao mrefu, ambao hulikamata wimbi mapema kuliko mfupi, aachie baadhi yapite. Kuweza kuyachukua yote si ruhusa ya kuyachukua yote.

Wakati wa kurudi nje, zungukeni pembeni ambako mawimbi hayavunjiki, msikate katikati. Ukijikuta mbele ya mtu anayeteleza kukujia, elekea kwenye povu nyuma yake, si kwenye uso safi wa wimbi anakokwenda. Utalamba maji, lakini njia yake itakuwa wazi. Wengi hukimbilia upande safi ili wasipigwe, na hapo ndipo mapezi hukutana na mapaja.

La mwisho: usiuachie ubao wako. Wimbi la povu likija, shika kingo zote mbili, jigeuze chini-juu ubao ukufunike, vuta pua ya ubao, yaani ncha yake ya mbele, kidogo, subiri lipite, kisha jigeuze tena. Anayeutupa ubao na kupiga mbizi amejiokoa mwenyewe na kumwachia aliye nyuma yake tatizo la futi 8.

SWALI: Nitajuaje mguu gani utangulie?

JIBU: Simama miguu pamoja, mtu akusukume mgongoni bila kukuonya. Mguu utakaotupa mbele ndio huo. Kamba ifungwe ule wa nyuma.

SWALI: Kila nikilikamata wimbi, pua ya ubao inazama nami narushwa mbele. Nikisogea nyuma, wimbi linanipita. Nimebadilisha ubao mara mbili na hali ni ileile. Tatizo liko wapi?

JIBU: Umekaribia kulipata mwenyewe. Kati ya mbele mno na nyuma mno pana nafasi ya sentimita chache tu. Lala kwenye maji tulivu, miguu pamoja, kidevu juu. Pua ya ubao ikae vidole vitatu juu ya maji. Ikiwa juu zaidi, mkia unazama na kukuburuza. Ikigusa maji, uko mbele mno. Ukishapata mahali sahihi, weka alama ya nta pale kidevu kinapoangukia, ili usitafute upya kila mara.

Nafasi ikiwa sahihi na pua bado inazama, sababu huwa mojawapo ya hizi. Unachelewa: unaanza kupiga mikono wimbi likiwa limeshasimama wima, hivyo unaanguka badala ya kuteleza. Anza likiwa bado mteremko, mita 10 hivi nyuma yako, na ukihisi mkia unainuka ongeza mapigo mawili ya nguvu kabla ya kufikiria kusimama. Au unatazama chini. Kichwa ni kizito, na kikiinama uzito wote huenda mbele. Tazama mbele, mahali unapotaka kufika. Au unashuka moja kwa moja kuelekea ufukweni wakati wimbi ni wima: upe ubao mwelekeo wa mshazari tangu mapigo ya mwisho.

Kusimama kwenyewe kufanyieni mazoezi kwenye mchanga. Viganja vikae bapa chini ya mbavu za chini, si kwenye kingo za ubao. Anayeshika kingo huuyumbisha anapojiinua. Sukuma, kunja viuno, leta miguu yote chini ya mwili kwa tendo moja. Kupiga goti kwanza ni tabia inayoingia haraka na kutoka kwa shida, kwa hiyo isiruhusiwe hata siku ya kwanza. Mguu wa nyuma ukae juu ya mapezi au mbele yake kidogo, wa mbele karibu na katikati ya ubao, magoti yamekunjwa, makalio yasichomoze.

Kuhusu kubadilisha ubao: kama ulitoka kwenye mrefu ukaenda kwenye mfupi, ulijiongezea taabu. Mwanafunzi wa kilo 70 anahitaji ubao wenye ujazo wa lita zisizopungua 70, na 80 si nyingi. Futi 8 hadi 9, wa sponji. Ubao mfupi unapendeza picha tu kwa sasa.

SWALI: Naomba maelezo ya kamba na nta. Nilipewa ubao na kaka yangu bila maelezo yoyote.

JIBU: Kamba iwe na urefu wa ubao au ipite kidogo. Ile kamba nyembamba inayoiunganisha na mkia iwe fupi kiasi kwamba ukiivuta haiufikii ukingo wa ubao. Ikiufikia, siku ya mawimbi makubwa itaukata kama msumeno. Kagua sehemu mbili kila asubuhi: pale kamba inapoungana na mkanda wa kifundoni, na velkro ya mkanda huo. Ikiwa na mkato mdogo, ibadilishe, kwa sababu mpira uliochanika kidogo hukatika wote kwa mpigo.

Ukiibuka baada ya kuanguka, tanguliza mikono ikiwa imefunika uso na kichwa. Kamba huurudisha ubao kwa nguvu. Kamba za kwanza zilikuwa za mpira unaovutika mno, na mwaka 1971 Jack O'Neill wa Marekani, ambaye jina lake lilijulikana kwa mavazi ya kuingilia maji baridi, alipoteza jicho la kushoto kwa namna hiyohiyo. Za siku hizi hazivutiki kiasi hicho, lakini kanuni ya mikono usoni haijabadilika.

Nta hupakwa upande wa juu, mahali pa kulala kifua na kusimama miguu. Kwanza ngumu, kwa miduara midogo hadi vinundu vitokee. Kisha laini inayolingana na joto la maji, kwa wepesi. Nta ya maji baridi kwenye maji ya nyuzi 27 huyeyuka na kukufanya uteleze kuliko ungekuwa huna kitu. Mafuta ya jua yapake kabla hujagusa ubao, dakika 20 mapema, na futa viganja kwa mchanga. Ubao wa sponji wenye ngozi ya kukwaruza huenda usihitaji nta kabisa.

SWALI: Mahali tunapoingilia pana njia isiyo na mawimbi, na wenyeji wa mchezo huitumia kutoka nje bila jasho. Lakini mlinzi wa ufukwe anawakataza waogeleaji wasipakaribie. Mbona hivyo?

JIBU: Kwa sababu ni mkondo unaorudi baharini. Maji yanayoletwa ufukweni na mawimbi hutafuta mahali pa kina kirefu pa kutokea, na pale yanapotokea mawimbi hayavunjiki. Utautambua kwa rangi iliyokolea kuliko pembeni, povu au mchanga uliovurugika ukielekea nje, na uso wa maji uliokunjamana. Mkondo mkali hufika mita 2 kwa sekunde, kasi inayokaribia ile ya bingwa wa Olimpiki kwenye mita 100 za kuogelea. Hakuna wa kushindana nao.

Mwenye ubao anayeujua huutumia kama lifti. Asiyeujua, akiona anachukuliwa, abaki juu ya ubao, asiufungue mguuni kamwe, na apige mikono sambamba na ufukwe kuelekea mahali mawimbi yanapovunjika. Povu la huko litamrudisha. Asipoweza kutoka, atulie akielea na ainue mkono. Wanaokufa hapo wengi ni waliochoka kwa kupambana nao uso kwa uso. Wale wawili wanaoanza katika kundi lolote waoneshwe mkondo huo kwa kidole kutoka ufukweni, kabla hawajafunga kamba.

SWALI: Ubao wangu umepasuka kidogo ubavuni. Naweza kumalizia asubuhi halafu nikautengeneze nyumbani?

JIBU: Toka sasa hivi. Kila dakika majini huongeza maji ndani, na ubao wenye kiini cha polistireni, ile plastiki nyepesi ya povu, hunywa zaidi. Uoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uegeshe kivulini ufa ukitazama chini hadi ukauke kabisa, hata kama ni siku kadhaa. Ukiziba unyevu ndani, ngozi itabambuka kiini kikipata joto. Kwa sababu hiyohiyo usiuache ndani ya gari lililofungwa juani.

Kabla ya kununua rezini, ile gundi ya kuzibia inayoganda ikawa ngumu, jua ubao una kiini gani. Polistireni hutengenezwa kwa rezini ya epoksi tu. Rezini ya poliesta huiyeyusha, na tundu la ukubwa wa sarafu likawa la ngumi. Kiini cha poliuretani hukubali zote mbili. Kwaruza kwa msasa namba 80 kuzunguka ufa, jaza, funika kwa kitambaa cha faiba kinachozidi ufa kwa sentimita 2 kila upande, na ikishakauka malizia kwa msasa namba 120 kisha 220. Rezini inayogandishwa na jua ipakwe kivulini, ndipo ubao utolewe nje.

SWALI: Rafiki yetu alikanyaga urumba, yule mnyama wa baharini mwenye miiba, kwenye mwamba wakati wa kutoka. Mtu mmoja akashauri mkojo. Ni kweli?

JIBU: Mkojo hausaidii. Mguu utumbukizwe kwenye maji ya moto anayoyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90. Mtu mwingine ayapime kwa mkono wake kwanza, maana aliye na maumivu hupima vibaya. Miiba inayoonekana itolewe kwa kibano, ikivutwa ilivyoingia bila kupindishwa, kwa sababu huvunjika upesi. Iliyozama isichimbwe kwa sindano. Ikiwa imeingia kwenye kiungo, au mguu umevimba na kuwa mwekundu siku ya pili, au amekosa pumzi, aende hospitali, na aulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Mara nyingine mwamba ukiwa karibu, shukeni ubaoni mkiwa bado mmelala, msisimamishe miguu chini, na muende na viatu vya mpira.